Kamba Iliyorudi Tupu

Moshi,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Naomi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na baba, na kwamba mguu wa baba umepungua uvimbe. Je, anakula? Maharage ya kule bondeni yamepona na mvua hii, au yameoza? Na mwanangu Tito, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo utazisoma mwenyewe, maana zimejaa karatasi yote.

Barua yako nimeipata pamoja na kifurushi. Kifurushi nilikitambua kabla sijakishika, kwa sababu fundo lilikuwa langu mwenyewe. Sukari, sabuni, khanga ya mke wangu Rebeka na blanketi la baba, vyote vimerudi kama vilivyokwenda, hata fundo hamkulifungua. Nilikaa nacho magotini pale nyuma ya jiko mpaka maji niliyokuwa nimeyateleka yakachemka na kukauka sufuriani.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Hukuniuliza hali. Umeandika kwamba watu wa Mlalo wanasema nimekuwa mtu wa mumiani, ninayewanyonya watu damu na kuiuza kwa Wazungu, na kwamba vitu ninavyotuma vimenunuliwa kwa damu hiyo. Umeandika kwamba Mzee Zakaria aliniona kwa macho yake ndani ya gari moshi nikiwa na kamba nyeupe, vyuma vyenye meno na mpira wa kunyonyea. Kwamba aliniona nikiwafunga watu viunoni, mmoja mmoja, wakivutwa kwenda porini, na kamba ikirudi tupu. Umeandika pia kwamba shemeji zangu, Yakobo na mdogo wake, wamekuja kumchukua Rebeka na mtoto, na wewe umewaomba wangoje nijibu. Halafu ukamaliza kwa maneno mawili: "Nijibu kweli."

Mwanzo nilidhani si wewe uliyeandika. Nilidhani Yakobo alikaa ubavuni pako akikutajia la kuandika. Nikaitazama barua herufi kwa herufi, na herufi ni zako, zile ulizonifundisha mimi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama. Basi nakujibu kweli. Naomba uisome hii kwa sauti mbele ya baba, mbele ya Rebeka na kaka zake, na Mzee Zakaria aitwe naye asikie. Sitamwita mwongo. Aliyoyaona, aliyaona.

Nianze na Mzungu wangu. Unajua ninapika kwa bwana mmoja wa mambo ya kahawa hapa Moshi, ambaye sisi watumishi tunamwita Bwana Mrefu. Huyu bwana kila apatapo likizo anapanda miamba. Hapandi kama sisi tunavyopanda kwenda shambani au kufuata asali. Yeye hutafuta mahali ambapo hata mbuzi hapiti, jabali limesimama kama ukuta wa kanisa, hapo ndipo uso wake unapochangamka. Amekwisha kwenda mara kadhaa kwenye mlima wa theluji, na vyombo vyake ninavifahamu, kwa sababu ni mimi ninayevisafisha. Niliwahi kumwuliza anatafuta nini huko juu. Akasema, "Sitafuti kitu, Filipo. Napanda tu."

Sikumwamini, dada. Mtu mzima mwenye nyumba na mshahara, ajitundike kwenye jiwe kama popo, halafu aseme hatafuti kitu? Nilisema moyoni ni madini. Siku nyingine nilisema ni mipaka; leo anapanda peke yake, kesho watakuja wengine na minyororo ya kupimia, na msitu wa babu zetu utaitwa wa Serikali. Kwa hiyo msidhani shaka hii imezaliwa kwenu Mlalo. Nimelala nayo na kuamka nayo katika nyumba ya huyo bwana, nikimpikia uji.

Sasa, wakati wa masika haya akasema anataka kwenda Lushoto na rafiki yake kujaribu majabali ya Irente. Wao wangekwenda kwa motokaa, lakini motokaa ilijaa mahema na vyakula. Akaniambia mimi nichukue gari moshi mpaka Mombo na vyombo vya kupandia, halafu nipande lori hadi Lushoto. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kwa sababu kutoka Lushoto mpaka nyumbani ni nusu siku tu, na sikuwa nimemwona Rebeka tangu mwaka jana.

Mizigo ilikuwa mifuko miwili ya turubai na begi moja la ngozi lenye kufuli. Katika mifuko mlikuwa na kamba mbili, moja nyeupe ya aina mpya, laini kama hariri, na moja kuukuu ya rangi ya udongo. Mlikuwa na mashoka mawili ya kukatia barafu, yenye ncha kama mdomo wa korongo. Mlikuwa na nyundo, vigingi vya chuma, pete za chuma za kufunguka na kufunga, na vile vyuma vyenye meno ambavyo mtu huvifunga chini ya viatu ili asiteleze kwenye theluji. Irente hakuna theluji, na nilipomwuliza kwa nini tunavibeba, akasema ni kwa ajili ya fundi wa Lushoto avinoe. Jibu hilo nalo sikulipenda. Fundi wa kunoa chuma hakosekani Moshi. Mlikuwa pia na kisanduku cha dawa. Begi la ngozi sikujua lina nini. Ufunguo alibaki nao mwenyewe.

Akanikataza kuweka mizigo kwenye behewa la mizigo. Alisema safari moja watu walimwagia kamba yake mafuta ya taa, na kamba iliyolowa mafuta huoza ndani kwa ndani bila kuonekana, mpaka siku mtu anapoitegemea ikamkatikia. "Usiruhusu mafuta yaguse kamba hii," alisema. "Mtu atakufa." Maneno hayo yakanikaa kichwani, na ndiyo yaliyoniponza.

Nilipanda daraja la tatu. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Kipare, aliyetoka kwa mumewe hapa Moshi, na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa na homa ya siku nyingi. Alisema zahanati imeshindwa na sasa anampeleka hospitali ya misheni ya Bumbuli. Jina lake Nakijwa, kwao ni Hedaru. Nilimsogezea mifuko yangu akaegemeza miguu, tukazungumza vizuri. Pale Same akapanda Mzee Zakaria, anayetuuzia ugoro. Alikuwa ametoka kumtazama binti yake aliyeolewa huko. Nilisimama nikamwamkia, akanipokea kwa Kishambaa kwa furaha kubwa, akaniuliza habari za Moshi, akanipa habari zenu. Nampa haki yake: mpaka hapo alinitendea kama mtoto wake.

Alikuwa na kibuyu cha samli alichopewa na binti yake. Gari lilipokuwa linateremka kuelekea Makanya likashtuka, mfuko mmoja ukaanguka na kufunguka, na kamba nyeupe ikamwagika sakafuni mpaka miguuni pake. Mzee akainama kuiokota anisaidie. Nikaona mikono yake inang'aa samli. Nikapaza sauti bila kufikiri:

"Mzee, usiiguse hiyo kamba, mtu atakufa!"

Dada, behewa zima liligeuka kunitazama. Mzee Zakaria akabaki ameinama, mikono hewani. Nikajitahidi kueleza habari ya mafuta, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Nikiwa nakusanya kamba, vile vyuma vyenye meno navyo vikateleza kutoka kwenye mfuko vikasimama pale kati ya watu, meno juu. Nakijwa akavuta miguu yake. Kijana mmoja wa Buiko, fundi cherehani, akasema anavijua, ndugu yake Nairobi alisimuliwa habari zake: mtu hukanyagwa navyo kifuani huku damu ikivutwa. Hajawahi kuviona, lakini alisema kama mtu aliyeviona.

Wakanitaka nifungue kila kitu. Nikafungua. Ningefanya nini? Kisanduku cha dawa kilikuwa na mpira wa kufungia mkono uliojeruhiwa, bomba la sindano, na chupa ya dawa nyekundu ya vidonda. Nikaimwaga ile dawa kidogo kwenye kidole changu wainuse, lakini wakati huo ingekuwa maziwa wangeona damu. Kisha yule fundi akaonyesha begi la ngozi.

"Na hilo?"

Nikasema ufunguo anao bwana wangu.

"Mzigo wako, na hujui kilichomo?"

Nakwambia kweli, dada, na mimi saa ile nililitazama begi lile kwa hofu. Nilijiuliza, je, kama wanasema kweli? Je, kama nimekuwa nikibeba kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekigusa laiti ningekijua? Mzee Zakaria aliniona ninavyolitazama. Nadhani hapo ndipo aliponikatia tamaa. Akachukua kibuyu chake akaenda kukaa mwisho wa behewa, na tangu hapo hakunitazama tena usoni, isipokuwa kwa pembeni, kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyemjua.

Watu wakaachia nafasi pande zangu zote. Lile behewa limejaa, na mimi nimekaa peke yangu kwenye benchi la watu wanne. Pale Buiko yule fundi akashuka, na nikamwona akimnong'oneza askari wa stesheni. Askari akaja dirishani, akanitazama, akatazama mifuko, akauliza ni ya nani. Nilipomwambia ni ya Mzungu akaondoka bila neno. Jambo hilo likawa baya zaidi. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mmeona? Wenyewe wanajuana."

Mvua ilikuwa imenyesha huko kwetu juu milimani usiku kucha na asubuhi yote. Tulikuwa karibu kufika Mombo tulipohisi gari linapunguza mwendo, likasimama katikati ya pori. Tukashuka kutazama. Korongo lililokuwa kavu siku zote lilikuwa limejaa maji mekundu, na lilikuwa limekula tuta la reli. Zile reli zilining'inia hewani na magogo yake kama ngazi iliyolazwa. Ng'ambo walisimama vibarua wa reli na mnyapara wao, wakapiga kelele kwamba gari jingine limeletwa kutoka Mombo, lipo nyuma ya kona, nyuma ya miti ya migunga, linangoja watakaovuka. Gadi, msimamizi wa gari letu, akatuambia kila mtu achague mwenyewe: avuke, au arudi na gari hadi Buiko angoje, labda siku mbili, labda juma.

Vijana wawili wenye nguvu wakajaribu. Mmoja maji yalimchota miguu, akaokolewa na kichaka. Baada ya hapo hakuna aliyesogea. Juu ya milima wingu lilikuwa jeusi tena.

Nakijwa alikuwa amesimama na mtoto wake, na mtoto alikuwa amekwisha acha kulia, analala tu macho nusu wazi. Akanijia. Tangu Makanya hakuwa amenisemesha. Akasimama hatua kadhaa mbali nami, akaniuliza, na kila mtu akamsikia:

"Hiyo kamba yako inaua au inavusha?"

Nikamwambia, "Inavusha, mama."

"Basi nivushe. Mtoto akibaki hapa anakufa. Kama wewe ni mumiani, utakuwa umeninyonya mimi, yeye wenzangu watampeleka hospitali."

Nikatoa kamba zote mbili. Nilikuwa nimemwona Bwana Mrefu mara nyingi akifunga fundo la kiunoni, lisilokaza mtu wala kufunguka, na akanifundisha ili nimsaidie kukunja na kukausha vitu vyake. Nikajifunga ile nyeupe, nikamwomba gadi na wanaume wawili waishike nyuma yangu na kuniachia kidogo kidogo. Wanaume hao walikubali kushika kwa sababu gadi aliwaamuru. Nikaingia majini na ncha ya kamba kuukuu begani. Maji yalifika kiunoni, halafu kifuani, na mawe yalikuwa yanabingirika chini nikiyahisi yanagonga vifundo vya miguu. Sitasema sikuogopa. Niliogopa maji yaliyo mbele yangu, na niliwaogopa pia wale walioshika kamba nyuma yangu, maana nilijua wanavyonifikiria. Wangeiachia tu, ningekwisha, na wangerudi kwao wakiwa mashujaa.

Hawakuiachia. Nilifika. Ile kuukuu tukaifunga kwenye reli ng'ambo na mnyapara, na upande wa pili ikafungwa kwenye reli vilevile, ikawa ya kushikilia mkononi. Ile nyeupe ikawa ya kumfunga mtu kiunoni, vibarua wa ng'ambo wakimvuta, na akifika wanamfungua, nasi tunaivuta irudi kwa mkia wake kwa ajili ya mwingine. Nilirudi nikamfunga Nakijwa kwa mikono yangu. Mtoto tulimfunga juu kabisa, karibu na shingo ya mama yake. Nikaingia naye, mkono mmoja kwenye kamba ya kushikilia, mwingine umemshika bega. Katikati alijikwaa, maji yakampiga usoni, na kamba ikamkaza ikamsimamisha. Hakupiga kelele. Alipofika alipanda ukingo, akafuata njia ya vibarua, akapotea nyuma ya migunga, lilikokuwa gari.

Wengine walipoona hivyo wakaanza kuja, mmoja mmoja. Wanawake kwanza, kisha wazee, kisha wenye mizigo. Nikawafunga wote. Kila mmoja nilimfunga kiunoni, kila mmoja alivutwa, kila mmoja alipotea nyuma ya ile miti, na kila mara kamba ilirudi tupu.

Ndiyo hayo aliyoyaona Mzee Zakaria. Alikuwa amesimama juu kwenye tuta, karibu na behewa, na kutoka pale, gari la ng'ambo halikuonekana. Mimi nilikwenda kumwomba. Nilimwambia, "Baba, twende, mvua inakuja, nitakushika mwenyewe." Akaniwekea fimbo kifuani, si kunipiga, bali kunizuia nisisogee.

"Filipo," alisema, "mimi nitakufa na damu yangu mwilini."

Nikamwacha, nikavusha mizigo ya Bwana mwishoni. Yeye na wengine wachache wakabaki, gari likawarudisha Buiko, na baada ya siku mbili maji yalipopungua wakapita. Kwa hiyo hakuwahi kufika nyuma ya ile migunga kuona watu wamekaa kwenye mabehewa wanakamua nguo zao. Ningekuwa mimi niliyesimama pale juu, na moyo ule aliokuwa nao, hata mimi ningesema alivyosema. Lakini mwulizeni neno moja tu: je, alisikia mtu akilia?

Mombo nilimpandisha Nakijwa kwenye lori la Soni, aunganishe mpaka Bumbuli. Mtoto alikuwa anapumua. Zaidi ya hapo sijui. Yakobo anakwenda Bumbuli kila mara kwa kazi ya chai. Aulize hospitalini kuhusu mama wa Hedaru aitwaye Nakijwa, aliyeletwa na mtoto wa homa wakati wa yale mafuriko. Kama mtoto yu hai, watamwambia. Kama alikufa, pia watamwambia, lakini hakufa kwa kamba yangu. Nitasema wazi ninalolishuku: nadhani Yakobo angeweza kuuliza zamani, ila hataki jibu. Nimesikia pia kwamba kuna karani wa chai anayepita pita nyumbani kwao akimtaka Rebeka. Kama si kweli, nisamehewe.

Lushoto nilifika nimelowa, na kamba nyeupe imekuwa nyekundu kwa tope. Bwana Mrefu aliikunjua yote nyuma ya hema, akiipapasa kwa vidole kipande kwa kipande, akaniuliza nilikuwa nimeikodisha kwa nani. Nikamweleza. Hakuniamini mara moja. Aliniuliza tena na tena, akibadilisha maswali kama polisi, mpaka alipopata habari za korongo kutoka kwa dereva mmoja. Ndipo akauliza kama kuna aliyeanguka. Nikasema hakuna. Akachukua kisu, akaikata ile kamba vipande vipande. Alisema kamba iliyobeba watu wengi hivyo na kusuguliwa na mawe haaminiki tena, na hataki mtu aitumie kwa kusahau. Kisha akachukua ufunguo akafungua begi la ngozi mbele yangu. Mlikuwa na soksi za sufu, viatu vya misumari, na chupa tatu za pombe kali. Aliifungia pombe kwa kufuli kwa sababu aliogopa nitainywa njiani! Nilicheka, dada, nikashindwa kujizuia, naye akaona haya. Mwaka mzima mimi namshuku yeye, kumbe naye ananishuku mimi.

Baada ya juma moja pale hemani nikaomba ruhusa kuja Mlalo, akanipa. Na sasa najibu swali ambalo hukuliandika, lakini najua mnaliuliza: kama sina hatia, kwa nini nilifika Lushoto nisifike nyumbani?

Nilikwenda sokoni kununua nyama ya kuwaletea. Nikaona watu wa kwetu, wauza viazi wa Malindi na kina mama wa Mlalo, nikawasalimu, wakageuza nyuso. Mmoja aliinua kikapu chake akahamia upande wa pili. Sikuelewa. Kisha akaja Stefano, mtoto wa shangazi, ambaye ni utingo kwenye lori la Mlalo. Hakunipa mkono. Alisimama kama mtu anayetazama bei za vitu, akaniambia bila kunigeukia kwamba Mzee Zakaria amekwisha fika, na kwamba vijana wanangoja njiani chini ya mji, na marungu wanayo.

"Usipande leo," alisema. "Na baba yako usimletee aibu ya kufia mlangoni pake."

Nilisimama na ile nyama mkononi. Kutoka pale unaona milima ya kwetu na moshi wa asubuhi juu yake. Nilirudi hemani. Kesho yake nikapanda lori la Mombo, na gari moshi la Moshi, na sikumwambia Bwana sababu. Najua kurudi kwangu ndiko kulikowathibitishia. Lakini sikukimbia hatia. Nilikimbia marungu, na kila mtu mwenye akili huyakimbia.

Ndiyo kweli yote, dada. Huyo Bwana sijui bado anatafuta nini kwenye miamba. Nilimwona Irente siku ile kabla sijaenda sokoni, ananing'inia juu ya bonde lote la Mombo, anaimba peke yake, na sikuona akipima wala kuchimba kitu. Labda ni kweli anapanda tu. Sitaapa. Ninaloweza kuapa ni la mikono yangu.

Jambo moja limenisumbua kuliko marungu. Katika barua yako umeandika wanavyosema watu, anavyosema Mzee Zakaria, anavyosema Yakobo. Rebeka hukumwandika neno. Nimeisoma barua nikitafuta jina lake likiwa na kauli nyuma yake, sikuliona. Sijui kama ameulizwa. Sijui kama ameulizwa akanyamaza. Mtu akinyamaza, aliye mbali hujaza mwenyewe, na mimi nimejaza mabaya mengi usiku.

Kwa hiyo sitangoja jibu la karatasi. Nimeomba ruhusa, nimeipata. Nitakuja siku ya soko, mchana, kwa lori la Stefano, nikae juu ya mizigo ambapo kila mtu ataniona. Nitashuka chini ya mji nitembee kwa miguu, nipite katikati ya soko, nije mpaka kwa baba. Anayetaka kunipiga anipige hapo mbele ya watu, si vichakani. Na nikifika, nataka Rebeka awepo, kaka zake wawepo, na mtu asimpe maneno ya kusema. Atakalosema kwa kinywa chake, nitalipokea, hata likiwa la kuondoka.

Nisalimie baba, mwambie mwanawe anamwamkia kwa magoti. Nisalimie shangazi mama Stefano, na umwambie mwanawe aliniokoa, ingawa hakunipa mkono. Nisalimie mwalimu wa watoto wa kanisa, na mama mkubwa wa kule Malindi, na jirani yetu mfua vyuma. Mzee Zakaria mpe salamu zangu za pekee. Tito mbebe kidogo kwa ajili yangu.

Kama hutaki nije, dada, usijisumbue kunijibu. Nitakuja hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Filipo